Ukuta Uliohamishwa

Katika chuo nilichosomea ualimu palikuwa na picha kubwa iliyotundikwa ukutani mwa maktaba, juu ya meza ya magazeti. Ilikuwa picha iliyopigwa kwa kamera, wala si iliyochorwa kwa mkono. Ndani yake lilionekana bati lililoshikwa na kutu, na juu ya bati hilo nusu ya uso wa mtu uliopakwa rangi ya samawati, jicho moja limefumbuka, na kando ya jicho mkia wa herufi ambayo mwili wake haukuingia katika picha. Fremu yake ilikuwa nyeusi, na kioo chake kilipanguswa vumbi kila Jumatatu. Sisi sote tuliisifu. Tulisema kwamba rangi zake zapatana, na kwamba kutu ile nyekundu yaupa uso joto. Siku moja mwanachuo wa mwaka wa kwanza, mgeni kabisa, aliitazama kwa kitambo, kisha akamwuliza mtunza maktaba, "Mwalimu, ukuta huu uko wapi?"

Hakuna aliyejua. Mtunza maktaba aliiteremsha picha akaigeuza nyuma, akidhani kwamba pengine pameandikwa jina la mahali au jina la mchoraji. Palikuwa na kikaratasi cha duka, na bei. Picha ikarudishwa juu, nasi tukarudi vitabuni. Lakini tangu siku ile sikuweza kuitazama kwa macho yale ya kwanza. Nilikuwa nimeisifu kwa mwaka mzima, nami sikujua nasifu kazi ya nani.

Msomaji wangu, swali la yule mwanachuo ndilo nitakalo tulifuate pamoja katika kurasa hizi, kwani picha za namna ile zimeenea sana siku hizi. Mtu huona mchoro uliopakwa ubavuni mwa behewa la gari la moshi, au kwenye kontena, au tangi la maji, au mlango wa bohari, au kiambaza cha kiwanda kilichofungwa. Huupiga picha, picha huchapishwa kubwa, hutiwa katika fremu, na hutundikwa sebuleni, hotelini au ofisini. Hivyo ukuta wa nje huwa pambo la ukuta wa ndani. Wako wasemao kwamba hiyo ni sanaa mpya iliyozaliwa na sanaa nyingine. Wako wasemao kwamba ni wizi wa rangi za watu. Nani tumwamini?

Hukumu yangu, ambayo nitaitolea hoja ili uipime mwenyewe, ni hii: picha ya mchoro wa mtaani hustahili sifa kwa kadiri inavyouhamisha ukuta wenyewe, si rangi zake tu. Mchoro wa mtaani una mambo matatu ambayo mchoro wa kitambaa waweza kuyakosa usidhurike. Una mahali, kwani ulichorwa pale ili usomwe na wapitao pale. Una wakati, kwani jua, mvua, kutu na brashi ya mwenye nyumba huanza kuula siku ile ile ulipomalizika. Una mkono, yaani mtu aliyeuchora, aghalabu kwa jina la kupanga na pengine kwa hatari. Mpiga picha ainuapo kamera yake huchagua lipi katika mambo hayo litaingia katika fremu, na lipi litaachwa nje. Katika uchaguzi huo ndipo sanaa yake ilipo, na ndipo kosa lake linapoweza kupatikana.

Tuanze Paris, kwa sababu huko ndiko kuta zilikopata mtazamaji wao mkubwa wa kwanza. Mnamo mwaka 1924 alifika katika mji huo kijana aliyeitwa Gyula Halász. Alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Brassó, uliokuwa wakati huo ndani ya Hungaria, na leo umo ndani ya Rumania. Akajiita Brassaï, maana yake mtu wa Brassó. Sifa yake ya kwanza aliipata kwa picha za Paris wakati wa usiku. Lakini tangu miaka ya mwanzo ya 1930 alishikwa na shauku ya jambo jingine, nalo ni alama zilizochongwa na kukwaruzwa katika kuta za mitaa ya watu wa kawaida: nyuso, mioyo, mafuvu, wanyama, na majina ya wapendanao. Mwezi wa Desemba 1933 alitoa makala juu ya alama hizo katika jarida la Minotaure, na kichwa cha makala hayo, kwa lugha yetu, ni "Kutoka ukuta wa pango hadi ukuta wa kiwanda".

Katika kichwa hicho kifupi mna hoja kubwa. Brassaï aliona kwamba mtoto akwaruzaye uso katika ukuta wa kiwanda ni ndugu wa mtu wa kale aliyechora nyati katika pango. Wote wawili wamekuta jiwe lisilosema neno, wakataka liseme. Hoja hiyo aliieleza kwa kamera kuliko kwa kalamu.

Sasa zitazame picha zake kwa kipimo chetu. Brassaï husogea karibu sana na ukuta. Hapana njia katika picha zake, hapana mpita njia, hapana dirisha. Kwa jambo la mahali ungedhani ameshindwa, kama alivyoshindwa mpiga picha wa bati la maktaba yetu. Walakini tazama tena. Mwanga waujia ukuta kutoka ubavuni, hata kila mkwaruzo umekuwa handaki lenye kivuli. Lipu imebanduka, na pale ilipobanduka pamekuwa paji la uso. Matundu mawili yaliyokuwa ya misumari yamekuwa macho. Hatuoni mchoro uliolazwa juu ya ukuta, twaona ukuta uliogeuka kuwa uso, na uzito wa jiwe wahisika hata mbele ya macho ya mtu aliye mbali kwa maili elfu. Zaidi ya hayo, Brassaï alichukua daftari dogo mfukoni, akaandika humo mahali pa kila alama ili aweze kuirudia. Kuta nyingine alizirudia baada ya miaka, akapiga picha ya mchoro ule ule umechimbika zaidi, au umeongezewa mkono wa mtu mwingine. Wakati, basi, umo katika kazi yake kama maji yalivyomo katika mtungi.

Mkono hakuweza kuujua, kwa sababu watu wale hawakuandika majina. Lakini hakujisingizia kwamba ni mkono wake. Mwaka 1956 picha hizo zilionyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York, na mwaka 1960 zikatolewa katika kitabu. Tangu hapo picha ya ukuta imeingia nyumbani kwa heshima. Nasi twajifunza kwake kwamba kukata picha karibu karibu si kosa kwa nafsi yake. Kosa ni kukata hata kile kilichoufanya ukuta kuwa ukuta.

Mfano wa pili watupeleka New York hiyo hiyo, miaka ishirini na zaidi baadaye, na hapa ukuta wenyewe watembea. Katika miaka ya 1970 vijana wa mji huo, wengi wao wa umri wako wewe msomaji, walianza kuandika majina yao ya kupanga katika mabehewa ya reli ya mji kwa mikebe ya rangi ya kupuliza. Majina yakakua, yakawa herufi za urefu wa dirisha, kisha herufi zilizofunika behewa zima toka mwisho hadi mwisho. Kazi hiyo ilifanywa usiku, katika maegesho ya magari ya moshi, na ilikatazwa na sheria. Wenye reli waliosha mabehewa kwa dawa kali. Mchoro uliochukua usiku kucha uliweza kufutwa kabla ya wiki kwisha.

Watu wawili waliizuia kazi hiyo isipotee kabisa. Mmoja ni Henry Chalfant, mchongaji wa sanamu. Wa pili ni Martha Cooper, mwanamke aliyekuwa mpiga picha wa gazeti. Mwaka 1984 walitoa pamoja kitabu kiitwacho Subway Art, ambacho kimesomwa na vijana wa nchi nyingi kama chuo cha sanaa hiyo. Ndani ya kitabu hicho kimoja mna njia mbili za kuuhamisha ukuta, nami napenda uzilinganishe, kwa kuwa katika kulinganisha ndimo jicho linamofundishwa.

Chalfant alisimama katika jukwaa la stesheni, upande wa pili wa reli. Gari liliposimama alipiga picha kadha mfululizo, akisogea hatua kwa hatua ubavuni mwa behewa, kisha akaziunganisha picha hizo zikawa behewa moja zima, limenyooka kama mstari. Katika picha zake hakuna mji. Behewa limekatwa na kuwekwa mbele yetu kama kitambaa kilichotandazwa mezani. Cooper alitenda kinyume. Alikwenda katika viwanja vitupu vya mtaa wa Bronx, akangoja, pengine kwa saa nyingi, mpaka gari lenye mchoro alioutaka lilipopita juu ya nguzo za reli wakati ambapo jua lilikuwa upande wake. Katika picha zake behewa la rangi lapita kati ya nyumba zilizobomoka, juu ya magari ya barabarani na vichwa vya watu waendao kazini. Jina la kijana mmoja lapita juu ya mji usiomjua.

Ukiniuliza ipi njia bora, nitakujibu kwamba nilipokuwa mwanafunzi nilisema bila kusita kuwa ni ya Cooper; wala sijageuka, ila sasa nasita kidogo kabla ya kusema. Picha ya Chalfant yatupa herufi kamili. Kijana wa mji mwingine aliyetaka kujua jinsi mshale unavyofungwa katika herufi, au jinsi rangi moja inavyoyeyuka katika nyingine, aliweza kusoma hapo kama asomavyo katika kamusi. Hiyo ni huduma kubwa kwa mkono wa mchoraji. Lakini kamusi haisimulii hadithi. Ni Cooper atuonyeshaye kwa nini mtu aliyeishi kati ya nyumba zilizobomoka alitaka jina lake liwe kubwa kiasi kile. Chalfant ameuhifadhi mchoro. Cooper amehifadhi na haja ya kuuchora. Mwenye kutundika picha moja tu ukutani mwake angefanya vema kutundika ya Cooper. Mwenye kutaka kujifunza kuchora na aanze na Chalfant.

Tena wote wawili waliutunza mkono. Waliwajua wachoraji, wakaandika majina yao. Mwaka 1980 mchoraji aliyeitwa Dondi, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Donald White, alimruhusu Cooper kufuatana naye usiku mpaka penye mabehewa, akampiga picha akiwa kazini. Dondi alifariki mwaka 1998. Tangu mwaka 1989 wenye reli ya New York walikuwa wamekwisha kuyaondoa katika njia zao mabehewa yote yenye michoro. Yaliyobaki ya kazi ile ni picha hizo. Lau zisingekuwapo, nasi tusingekuwa na la kuhukumu.

Jambo hili la mkono si la heshima tu. Katika mji huo huo, mtaani Queens, palikuwa na jengo la kiwanda cha zamani lililojulikana kwa jina la 5Pointz, ambalo mwenyewe aliwaruhusu wachoraji kulichora. Kuta zake zilionekana waziwazi kutoka katika madirisha ya gari la moshi lililopita karibu, na watu walitoka nchi za mbali kuja kuzipiga picha. Usiku mmoja wa Novemba 2013 kuta hizo zilipakwa rangi nyeupe bila ya wachoraji kuarifiwa, na mwaka 2014 jengo likabomolewa. Wachoraji walikwenda mahakamani. Mwezi wa Februari 2018 jaji aliamua kwamba wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.75 kwa michoro 45 iliyoharibiwa, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ikaukubali uamuzi huo. Mahakama ilisema, kwa maneno mengine, kwamba mchoro wa ukuta wa kiwanda una mwenyewe, hata kama ukuta ni wa mtu mwingine. Basi ikiwa mwenye ukuta alihukumiwa kwa kuusahau mkono, je, mwenye kamera aweza kuusahau pasipo lawama?

Sasa turudi kwetu, maana mfano wa tatu uko Nairobi, nao ni mgumu kuliko yote miwili iliyotangulia.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 mpiga picha wa Kifaransa ajulikanaye kwa jina la JR alifika Kibera. Hakuja kupiga picha za michoro ya kutani. Alikuja kuzifanya picha ziwe michoro ya kutani. Alipiga picha za nyuso za wanawake wa Kibera, akazichapisha kubwa mno, nazo zikatandazwa juu ya mapaa ya mabati, zikafunika eneo la kama mita za mraba 2,000. Wengi wa wanawake hao walipata nyuso zao juu ya mapaa yao wenyewe, na sehemu kubwa ya picha zilichapishwa juu ya plastiki isiyopenya maji, hata zikasaidia kuizuia mvua. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hapa wenyeji walipona japo kwa msimu mmoja. Tena JR alibandika macho ya wanawake hao ubavuni mwa mabehewa ya gari la moshi lipitalo Kibera, na sehemu ya chini ya nyuso zao akaibandika katika mabati yaliyowekwa kwenye mteremko ulio chini ya reli. Gari lilipopita, macho yalikutana na vinywa, nyuso zikakamilika kwa nukta chache. Kisha gari likaenda zake na macho yakaenda nalo.

Sijui kazi nyingine iliyoitumia reli yetu kwa busara kama hiyo. Lakini fikiri. Yule aliyesimama Kibera siku zile alilazimika kungoja gari. Alizoea kuona vinywa visivyo macho, akajua kwamba macho yako safarini na yatarudi. Kule kungoja kulikuwa sehemu ya kazi. Picha iliyopigwa wakati uso umekamilika imeuondoa ungojeaji wote, ikampa mtazamaji nukta ile moja ya furaha iwe yake daima. JR huuza picha za kazi zake ili kupata fedha za kazi nyingine, wala simlaumu kwa hilo; na katika kitabu alichokitoa juu ya wanawake hao aliweka na maneno yao, wakisema maisha yao wenyewe. Hapo alitenda haki. Lakini picha ikitoka katika kitabu ikatundikwa peke yake sebuleni, katika mji wa mbali, maneno yale hubaki nyuma. Macho ya mama wa Kibera huwa pambo juu ya kochi, na mgeni wa nyumba hiyo akiuliza, "Ni nani huyu?" huenda akajibiwa kama tulivyojibiwa sisi maktabani.

Weka kando ya kazi hiyo kazi nyingine iliyofanywa juu ya reli ile ile. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka, mchoraji wa Kibera ajulikanaye kwa jina la Solo7 alizunguka na rangi na brashi, akiandika maneno ya kuomba amani katika kuta, mabati na milango ya maduka. Mapema mwaka 2008 reli yenyewe iling'olewa na watu wenye hasira pale Kibera. Kisha, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, wachoraji wa Nairobi, miongoni mwao Uhuru B, Swift9 na Bankslave, walipaka gari la abiria lipitalo Kibera michoro na maneno ya amani, kwa idhini ya wenye reli. Picha za gari hilo zilichapishwa katika magazeti ya nchi nyingi.

Tazama basi jinsi mahali panavyobadili maana. Mtu asiyejua habari ya mwaka 2008 akiiona picha ya gari lile aona behewa lililopambwa, rangi zachangamka, na neno amani, neno ambalo hakuna alichukiaye. Atasema ni picha nzuri ya sebule. Lakini mtu ajuaye kwamba chuma kile chapita juu ya reli iliyong'olewa kwa mikono ya jirani dhidi ya jirani, huyo husoma neno lile lile akanyamaza. Mpiga picha aliyelikata behewa akaacha reli nje ya picha amempunguzia neno uzito. Aliyepiga picha gari likipita kati ya mabati, watu wakiwa wamesimama kando ya njia kulitazama, ametuhamishia ukuta mzima. Gharama ya kamera ni ile ile. Tofauti ni hatua kumi za kurudi nyuma.

Nami sina budi kusema jambo moja ambalo huwachukiza wauzaji wa picha hizi. Wanunuzi wengi huipenda kutu. Hupenda rangi iliyobanduka, bati lililotoboka, mlango wa bohari uliooza kwa chini. Nami naipenda pia, kwa kuwa kutu ina rangi ambazo mchoraji hodari huzitafuta asizipate. Lakini kutu hupendeza machoni pa asiyenyeshewa. Bati lile lile ambalo kwa mwenye sebule ni wekundu wa kupendeza, kwa alalaye chini yake ni sufuria tatu za kukingia maji usiku wa Aprili. Picha haina lazima ya kuhubiri habari hiyo. Ina lazima ya kutoisema uongo. Na picha inayoonyesha kutu safi isiyo na mtu, isiyo na mlango, isiyo na moshi wa jiko, husema uongo wa kimya kimya, kwani hutuaminisha kwamba umaskini ni aina ya rangi.

Pengine utanijibu, "Mwalimu, je, picha haiwezi kupendeza tu? Mbona ua twalipenda bila kuuliza shamba lake?" Swali lako ni la haki, na jibu langu ni kwamba ua halikuandikwa na mtu. Mchoro wa mtaani ni usemi. Mtu alisimama mbele ya bati kwa kuwa alikuwa na neno la kuwaambia wapitao, hata kama neno lenyewe ni jina lake tu. Ukipenda sauti ya msemaji lakini hutaki kujua alisema nini, wala kwa nani, umempenda kama upendavyo kinanda. Uzuri haukatazwi. Brassaï alipiga picha nzuri mno, na Cooper vivyo hivyo. Ninachokukataza ni kuridhika na uzuri uliopatikana kwa kufuta jina la mtu.

Huenda wewe mwenyewe ukajaribu kazi hii wakati wa likizo, kwa kuwa simu yenye kamera haikosi katika nyumba nyingi. Huna haja ya kwenda New York. Matatu ya njia yenu ina mchoro ubavuni. Duka la fundi wa magari lina tangi lililochorwa. Ukuta wa ghala la kahawa au pamba una maneno yaliyofifia tangu kabla hujazaliwa. Kabla ya kupiga picha uliza ni nani aliyechora, na kama yuko karibu mwombe ruhusa. Mara nyingi atafurahi, na atakuambia jambo ambalo kamera haiwezi kuliona. Piga picha moja ya karibu, uone mikwaruzo na vichwa vya misumari, kama afanyavyo Brassaï. Kisha rudi nyuma hatua kumi, upige nyingine yenye njia na watu, kama afanyavyo Cooper. Rudi tena baada ya miezi sita, uone mvua imefanya nini. Ukizilaza picha zako tatu mezani utajua, bila kufundishwa na mwalimu yeyote, ni ipi iliyouhamisha ukuta na ni ipi iliyochukua rangi tu.

Na ukiichapisha moja ukaitundika, usiache nyuma yake patupu. Andika kwa wino mahali ulipo ukuta, mwezi na mwaka, na jina la mchoraji kama alivyotaka kuitwa. Picha ile ya maktaba nadhani ingali pale, juu ya meza ya magazeti, na jicho lake moja bado limefumbuka. Mimi nilimaliza masomo nikaondoka bila kuupata ukuta wake, nami najuta kwamba sikuutafuta kwa bidii. Picha yako, atakayeigeuza, na akute zaidi ya bei.